Ufue Upanga au Ununue? Mwongozo Kamili wa Ufundi kwa Mchezaji Mpya wa Old School RuneScape

Kila anayeanza Old School RuneScape, gemu ya mtandaoni, hupitishwa kwenye kisiwa cha mafunzo, na kila anayepita pale hufundishwa jambo lilelile: chimba jiwe la bati, chimba la shaba, yayeyushe pamoja, simama kwenye fuawe, piga nyundo, toka na kisu cha bronzi. Kisu kile kinapotokea mkobani raha yake ni ya kweli. Shida inaanza ukishatoka kisiwani, kwa sababu unatoka ukiamini umeonyeshwa njia ya maisha: nitachimba, nitafua silaha zangu mwenyewe, zitakazobaki nitauza.

Mimi niliamini hivyo kabisa. Nilikaa wiki mbili kwenye machimbo ya kusini mashariki mwa Varrock, mmoja wa miji ya humo, nachimba, nabeba. Varrock ina fuawe lakini haina tanuri, kwa hiyo nilikuwa natembea na mzigo hadi mji wa Al Kharid kuyeyusha, halafu narudi kufua. Mwisho wa wiki mbili nilikuwa na silaha za chuma ambazo hakuna mtu aliyezitaka, na bado panya wakubwa wa kwenye mabwawa ya Lumbridge walikuwa wananitoa jasho.

Mwongozo huu ni kwa mwenye akaunti ya bure, hasa anayecheza kwa simu. Gemu hii ya kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, ilifunguliwa tarehe 22 Februari 2013 ikifuata RuneScape ilivyokuwa mwaka 2007, na toleo la simu likatoka tarehe 30 Oktoba 2018. Picha zake ni za kizamani, hivyo hata simu ya kawaida inaibeba, na akaunti ileile unaifungulia kwenye kompyuta ukitaka.

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: upishi ndiyo, tena mapema. Ngozi, kidogo. Uhunzi wa kuchimba na kufua kuanzia sifuri, hapana, isipokuwa kwa njia moja ya mkato nitakayoieleza hatua ya tano.

Hatua ya 1: Jua kinachouzwa hasa

Nje ya gemu, seremala akitengeneza kiti, kiti kina thamani kuliko mbao, maana ndani yake kuna kazi yake. Humu mambo yamegeuka. Kila ukifua kitu unapata alama za uzoefu, zile ambazo wachezaji huziita XP, na hizo ndizo zinazopandisha levo. Maelfu ya watu wanafua silaha bila kuhitaji hata moja. Wanachotaka ni uzoefu, na upanga unaobaki kwao ni kama maranda ya seremala. Wanautupa sokoni kwa bei yoyote.

Ndiyo maana mara nyingi malighafi ni ghali kuliko kitu kilichokwisha kutengenezwa. Anayefua yuko tayari kula hasara, kwa sababu kwake hasara ile ni ada ya kununua levo. Wewe mgeni ukiingia soko hilo ukitafuta faida, unashindana na mtu anayefurahia kupoteza.

Kinachozuia bei zisianguke hadi chini kabisa ni uchawi. Mchezaji mwenye levo 55 ya Uchawi anaweza kuigeuza bidhaa kuwa sarafu papo hapo, kwa asilimia 60 ya thamani iliyopangwa na gemu. Deraya ya kifua ya Rune (aina ya madini ya humu), kwa mfano, hugeuka sarafu 39,000, siku zote. Basi bei yake sokoni huzungukazunguka hapohapo, haijalishi aliyeifua ametokwa na jasho kiasi gani. Na kuifua deraya hiyo kunahitaji levo 99 ya Uhunzi, ya mwisho kabisa, yaani alama 13,034,431. Kuivaa unahitaji levo 40 ya Ulinzi, alama 37,224, pamoja na kumaliza misheni ya Dragon Slayer. Soma tena namba hizo mbili. Anayevaa amefanya kazi kama mara 350 chini ya anayefua.

Pengo hilo liko katika kila daraja la silaha, na ndilo linalojibu swali la mwongozo huu.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya nyundo

Tuchukue jambia la Mithril (madini mengine ya humu), ule upanga uliopinda ambao kwenye gemu unaandikwa scimitar. Kulishika unahitaji levo 20 ya Mashambulizi. Hizo ni alama 4,470, kazi ya siku moja au mbili za kupiga kuku na ng'ombe bila haraka.

Kulifua unahitaji levo 55 ya Uhunzi, alama 166,636. Tuseme umeshapata alama 12,725 za bure (hatua ya tano), na kilichobaki unakipata kwa chuma cha pua. Kuyeyusha mkuo mmoja (kipande kinachotoka tanurini) wa chuma cha pua kunatoa alama 17.5, kuufua kunatoa 37.5, jumla 55. Unahitaji mikuo karibu 2,800. Kila mkuo unakula jiwe moja la chuma na mawili ya makaa, kwa hiyo ni mawe karibu 8,400. Mkoba una nafasi 28. Hiyo ni safari 300 za kutoka mgodini na mkoba uliojaa, na makaa yenyewe huyagusi kabla ya levo 30 ya Uchimbaji.

Kuna mzee mmoja Al Kharid anaitwa Zeke. Ana duka la majambia matupu. Bei yake ya kawaida kwa la Mithril ni sarafu 1,040.

Hesabu ya namna hii ifanye kwa kila kitu unachotamani kutengeneza. Maswali ni matatu tu: levo gani ya kukitumia, levo gani ya kukitengeneza, na dukani ni bei gani. Majibu yakiwa mbalimbali kama haya, funga mjadala.

Hatua ya 3: Pata mtaji wa kwanza bila kutengeneza chochote

Unatoka kisiwani na sarafu 25 benki. Usikimbilie mgodini. Nenda Kijiji cha Washenzi, Barbarian Village, magharibi mwa Varrock. Katikati yake kuna shimo la kushukia chini, Stronghold of Security. Lina ghorofa nne na milango inayokuuliza maswali ya usalama wa akaunti: mtu akikuomba neno la siri utafanyaje, na kadhalika. Yasome kwa makini, maana matapeli wa gemu hii hawalali.

Zawadi ya ghorofa ya kwanza ni sarafu 2,000, ya pili 3,000, ya tatu 5,000. Jumla 10,000. Ya nne inatoa viatu. Wanyama wa chini huko watakushambulia njiani, kwa hiyo usisimame kupigana nao, kimbia kutoka mlango hadi mlango, na ubebe chakula cha kutosha. Ukifa siku ya kwanza hujapoteza kitu cha maana, ila usishuke na sarafu zako zote mfukoni. Ziache benki.

Ukitoka na 10,000, panda kwenda Al Kharid. Getini utatozwa sarafu 10. Kwa Zeke, jambia la chuma ni 112, la chuma cha pua 400, la Mithril 1,040. Nunua yote matatu kwa mkupuo, jumla 1,552, uyavae kadiri levo inavyoruhusu: chuma tangu mwanzo, chuma cha pua levo 5, Mithril levo 20. Silaha zimekwisha kwa muda mrefu, na bado una zaidi ya 8,000.

Hatua ya 4: Pika

Hapa ndipo ufundi unapolipa. Sababu ni rahisi: chakula kinaliwa. Upanga mmoja unakutosha mwezi mzima, lakini kila pigano linakula samaki, na mgeni asiye na deraya nzuri anakula kuliko mtu yeyote. Tena Upishi una hatua fupi kati ya kile unachoweza kupika na kile unachohitaji. Hakuna safari 300.

Anza na misheni ya mpishi wa kasri la Lumbridge, Cook's Assistant. Anataka yai, maziwa na unga, vyote vinapatikana mashambani hapohapo, na anakulipa alama 300 za Upishi. Ukimaliza unaruhusiwa kutumia jiko lake, ambalo huunguza kidogo kuliko majiko mengine.

Kamba wa mabwawa ya Lumbridge watakufikisha mahali. Kamba mmoja anarudisha uhai 3, kidogo, lakini unawavua kwa wavu ule uliotoka nao kisiwani. Usichoke haraka. Ukifika levo 20 ya Uvuvi mambo yanabadilika, kwa sababu unaruhusiwa kuvua trauti kwenye mto unaopita kando ya Kijiji cha Washenzi. Chambo ni manyoya. Unayanunua kwa Gerrant huko Port Sarim, au unaua kuku wa Lumbridge na kuyaokota, na kuku wale wanakupa uzoefu wa vita wakati huohuo. Kijijini kuna nyumba ndefu yenye moto usiozimika, hatua chache kutoka mtoni. Vua mkoba mzima, ingia ndani, pika, rudi.

Trauti inapikwa kuanzia levo 15 na inarudisha uhai 7. Salmoni, ambaye anaanza kunasa kwenye ndoano ileile ukiwa levo 30 ya Uvuvi, anapikwa levo 25 na kurudisha 9. Mwanzoni utaunguza wengi, na inaumiza kuona samaki mzuri amekuwa mkaa. Trauti huacha kuungua unapokaribia levo 50. Kila mmoja anayefanikiwa ni alama 70, salmoni 90, kwa hiyo levo zinapanda wenyewe wakati unajaza ghala la chakula.

Baadaye, levo 40 ya Uvuvi na Upishi, ni kambakoche wa kisiwa cha Karamja, nauli ya boti sarafu 30 kutoka Port Sarim. Wanarudisha uhai 12. Pwani yenyewe inaitwa Musa Point, na mimi kila nikishuka pale naangalia kama nitamwona huyo Musa mwenyewe. Sijamwona. Ubaya wa Karamja ni kwamba hakuna benki karibu kwa mwenye akaunti ya bure, kwa hiyo unapanda boti kila mkoba ukijaa. Wengine wanavumilia. Mimi hubaki na salmoni wangu mtoni hadi nichoke kabisa.

Ona tofauti na uhunzi: hapa hakuna kinachotupwa. Uvuvi umepanda, Upishi umepanda, na vyakula vyenyewe ndivyo vinakushusha tena kule shimoni au kukupeleka kwenye misheni ngumu.

Hatua ya 5: Ruka ngazi kwa misheni

Hii ndiyo njia ya mkato niliyoahidi, na nasikitika hakuna aliyeniambia wakati ule nabeba shaba kwenda Al Kharid.

Kaskazini ya mji wa Falador anaishi mbilikimo aitwaye Doric. Anataka udongo wa mfinyanzi 6, mawe ya shaba 4 na mawe ya chuma 2. Chimba au nunua. Malipo ni alama 1,300 za Uchimbaji, zinazokutoa levo 1 hadi 10 kwa mazungumzo ya dakika mbili.

Levo 10 ya Uchimbaji ndiyo masharti ya misheni ya pili, The Knight's Sword. Unaianza kwa kijana wa kazi katika kasri la mashujaa weupe hapo Falador. Kapoteza upanga wa bwana wake na anaogopa kupigwa. Atakutuma kwa Reldo, mkutubi wa kasri la Varrock, naye atakuelekeza kwa mbilikimo Thurgo anayeishi kusini ya Port Sarim. Thurgo hazungumzi na mtu mpaka apewe pai ya matunda mekundu, redberry pie. Kuipika kunataka levo 10 ya Upishi, na kama umefuata hatua ya nne umeshapita hapo zamani.

Halafu anahitaji picha ya upanga, ambayo iko kabatini kwa Sir Vyvin ndani ya kasri la Falador; subiri ageuke ndipo ufungue. Mwisho anahitaji mikuo 2 ya chuma na jiwe la blurite. Jiwe hilo liko ndani ya pango la barafu karibu na kwa Thurgo mwenyewe, na humo kuna majitu na askari wa barafu wa levo za hamsini na kitu. Usithubutu kupigana nao. Ingia na sururu na mkoba wa trauti, kimbia hadi kwenye mawe ya buluu, chimba, kimbia utoke. Chimba mawili wakati uko pale, moja likipotea usirudi tena.

Malipo: alama 12,725 za Uhunzi. Kutoka levo 1 unaruka hadi 29 bila kupiga nyundo hata mara moja. Zile wiki zangu mbili zote hazikufika nusu ya hapo. Angalizo moja: usifue chochote kabla ya misheni hii, maana kila alama unayoihangaikia mwanzoni ingekuja bure.

Kutoka 29 hadi 30, ili uanze chuma cha pua, zimebaki alama 638. Mikuo 17 hivi ya chuma, kuyeyusha na kufua. Jua tu kwamba jiwe la chuma likiyeyushwa lina nusu kwa nusu ya kuharibika, kwa hiyo andaa mawe 34 au zaidi.

Hatua ya 6: Ngozi, kwa kiasi

Ng'ombe wa Lumbridge ni shule ya kila mpiganaji mgeni. Kila anayeanguka anaacha mifupa, nyama na ngozi. Kwa kawaida ngozi mbichi inauzwa vizuri kuliko glavu zilizoshonwa kwa ngozi hiyohiyo, kwa sababu ileile ya hatua ya kwanza: washonaji wananunua levo. Basi wauzie.

Ila ukitaka kujaribu upinde, shona kidogo kwa ajili yako. Ellis wa Al Kharid anasindika ngozi laini kwa sarafu 1, ngumu kwa 3. Glavu zinaanza levo 1, buti levo 7, koti la ngozi levo 14. Misheni ya kunyoa kondoo, Sheep Shearer, inatoa alama 150 za ufundi huu, na ile ya majini wa kijani, Goblin Diplomacy, inatoa 200. Baada ya hizo mbili, ngozi mia moja hivi zinakufikisha kwenye koti. Zaidi ya hapo peleka sokoni.

Hatua ya 7: Ukitaka kuuza lazima

Soko liko kaskazini magharibi ya Varrock, Grand Exchange. Akaunti ya bure ina nafasi 3 tu za kuweka bidhaa, za mwanachama anayelipia ni 8, na akaunti mpya kabisa hubanwa kwenye baadhi ya biashara hadi ikomae kidogo. Muuzaji anakatwa kodi ya asilimia 2 tangu Mei 2025. Vitu vya chini ya sarafu 50 havikatwi.

Chukua karatasi. Tuseme, kwa mfano tu, ngozi mbichi inanunuliwa sarafu 150 na glavu zinauzwa 40. Usiseme "ngozi niliipata bure kwa kuua ng'ombe." Haikuwa ya bure, ungeiuza 150. Hapo ndipo wageni wengi hujidanganya, na makuli wa mgodini vilevile: jiwe ulilochimba mwenyewe lina bei ileile na la jirani. Kama kitu kilichomalizika hakizidi malighafi pamoja na kodi, uza malighafi.

Misheni ya Dragon Slayer inataka misumari 90 ya chuma cha pua. Inafuliwa levo 34, mkuo mmoja unatoa 15, kwa hiyo ni mikuo 6. Ukiwa umetoka kwa Thurgo na levo 29, kufika 34 ni mikuo 136 hivi. Misumari inauzwa sokoni.

Hatua ya 8: Wakati hesabu inapogeuka

Kuna watu wawili ambao mwongozo huu hauwahusu.

Wa kwanza ni anayechagua kucheza kama Ironman, aina ya akaunti iliyokuja 2014. Huyo haruhusiwi kununua wala kuuziana na mtu, Grand Exchange kwake imefungwa. Kila mkuo aufue mwenyewe au akautoe kwa maadui. Kwake safari 300 ndiyo gemu yenyewe, na wapo wanaoipenda hivyo. Lakini hata yeye anaanza kwa Doric, Thurgo na Zeke, maana maduka ya wahusika wa gemu bado yako wazi kwake.

Wa pili ni aliyelipia uanachama, kwa fedha au kwa bondi inayonunuliwa sokoni kwa sarafu za ndani ya gemu na kukupa siku 14. Humo kuna tanuri la Blast Furnace mjini Keldagrim linalotumia nusu tu ya makaa, na karakana ya Giants' Foundry iliyofunguliwa 2022, ambako unafua mapanga ya jitu Kovac na kulipwa sarafu na uzoefu kwa pamoja. Sharti ni levo 15 ya Uhunzi na misheni fupi ya Sleeping Giants. Mwenye 29 zake za Thurgo anaingia siku hiyohiyo, na silaha zile za chuma zilizomjazia benki ndizo anazozitupa kwenye chungu cha Kovac ziyeyuke. Mimi zangu niliziuza dukani kwa bei ya kutupa, wiki moja kabla ya kulijua hilo.